Wembe Hupimwa Kesho Yake

Siku moja ya soko hapa Sigor, kijana mhunzi ambaye kibanda chake kiko nyuma ya posho mill aliniita kando akanipa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Nilipofungua nikakuta wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani: bapa la chuma lenye upana wa kidole, mgongo mnene, mpini wa mzeituni mwitu. Alikuwa ameufua mwenyewe kutokana na tupa kuukuu.

"Mwalimu," akasema, "nyoa nao, halafu uniambie ukweli."

Kabla sijamjibu, hukumu mbili zilikuwa zimeshatolewa. Mzee aliyekuwa akingoja jembe lake aliuchukua, akaugeuzageuza juani, akasema unaushinda wa Wazungu na kwamba kijana huyu anastahili kupewa mkopo na serikali. Mwanamume mwingine aliyekuwa ameegemea pikipiki akacheka. Hicho ni kitu cha jua kali, akasema, kitamkata mtu shingo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amenyoa nao unywele mmoja. Kijana hakuwasikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, na nilielewa kwamba ameniomba jambo ambalo watu wengi hawampi.

Nilirudi nyumbani na wembe ule mfukoni nikiwaza. Kwa miaka mingi tumehimizwa kununua vya kwetu. Mwaka 2017 serikali ilikuja na mkakati wa Nunua Kenya, Jenga Kenya, na tangu hapo hakuna jukwaa la siasa ambapo wito huo haujasikika. Ni wito mwema. Lakini kununua ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kupima, na kupima ni kazi yenye ufundi wake. Nami niliyoyajua kuhusu kupima, karibu yote niliyafundishwa na nyembe.

Wa kwanza niliouona ulikuwa wa babu yangu, kugo kama tulivyomwita. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa kuchunga ndama. Kwetu Wakipsigis wembe haukuwa chombo cha urembo. Aliyefiwa alinyolewa kichwa, na vijana walinyolewa wakati wa jando. Wembe wa kugo ulifuliwa na kitongindet, mhunzi wa ukoo wa wahunzi, nao haukuwa na mpini wa kukunja. Ulikuwa kipande cha chuma tu, kimeliwa na kinoo mpaka kikawa chembamba kama jani.

Asubuhi moja ya msiba, watu walikuwa wamekaa uani wakingoja kunyolewa. Kugo alinoa, akapaka maji mkononi mwake mwenyewe, akanyoa kiraka kidogo juu ya kifundo. Nikaona uso wake ukibadilika. Akauweka wembe chini, akarudi kwenye kinoo, akaanza upya. Jua lilipanda. Jirani mmoja akanung'unika kwamba wanacheleweshwa. Kugo hakuinua kichwa. Alisema kichwa cha aliyefiwa si mahali pa kujaribia wembe.

Neno hilo limebaki nami. Anayempa mwenzake chombo lazima kwanza akijaribu kwenye ngozi yake. Siku hizi nikiona bidhaa mpya inauzwa na mtu ambaye hajawahi kuitumia, namkumbuka kugo na kile kiraka kisicho na nywele mkononi mwake.

Somo la pili nililipata shuleni, na halikuwa tamu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, tuliambiwa elimu sasa itakuwa ya mikono pia. Tukafundishwa kushona, kuchonga, kusuka vikapu. Nilipokuwa darasa la nane tulitakiwa kila mmoja alete kitu alichokitengeneza. Mimi nilitengeneza kisu kwa bati nene la pipa. Nilikisugua kwa msasa siku tatu mpaka nikajiona uso ndani yake. Mwenzangu, mtoto wa fundi, alileta kisu cheusi chenye alama za nyundo, alichokifua kwa kipande cha springi ya gari.

Mwalimu alivipanga visu mezani, akapita mbele yake, akaandika alama. Changu kilipata nyingi kuliko chake. Hakukata kitu kwa kisu chochote.

Jioni mama alichukua kisu changu kukatia nyama. Makali yakajikunja kama ukingo wa sahani ya bati. Kile cheusi cha mwenzangu kilichinja mbuzi wa Krismasi, na miaka mingi baadaye nilikikuta kwao kingali kinafanya kazi. Sikujua wakati ule sababu, sasa naijua: bati la pipa ni chuma chenye kaboni kidogo mno, na hata ukikipasha moto na kukizamisha majini hakipati ugumu. Springi ina kaboni zaidi. Tupa ina zaidi tena, kiasi cha asilimia moja na kidogo juu yake, ndiyo maana yaweza kula chuma kingine. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, nasi tulitiwa alama kwa macho. Mimi nilipewa sifa nisizostahili, na mwenzangu akanyimwa zake. Sijui ni nani kati yetu aliyedhuriwa zaidi, maana niliondoka pale nikiamini kwamba kung'arisha ndiko kutengeneza.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mjomba wangu. Alikuwa kinyozi kwenye nyumba za wachumaji wa shamba moja la majani chai upande wa Kericho, mashamba ambayo makampuni ya Kiingereza yalianza kuyapanda miaka ya 1920. Nilikwenda kumsaidia wakati wa likizo nikiwa shule ya sekondari. Kiti chake kilikuwa chini ya mti, kioo kimetundikwa kwa msumari, na siku ya mshahara foleni ilizunguka mti mara mbili. Alikuwa na wembe mmoja wa Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake vinyozi wa zamani walilitaja kwa heshima. Aliununua kwa kinyozi mzee aliyestaafu, na kila alipomaliza kichwa aliupitisha kwenye mkanda wa ngozi, kwenda na kurudi, mgongo ukitangulia.

Siku moja mchuuzi alifika na wembe mpya unaong'aa. Bei ilikuwa nzuri. Mjomba aliukagua. Aliulaza juu ya kioo kuona kama umenyooka. Akang'oa unywele mmoja, akaushika kwa vidole viwili, akauteremsha juu ya makali. Ukakatika bila kusukumwa. Akajinyoa nao nusu ya kidevu mbele ya watu wote. Ulinyoa vizuri. Mchuuzi akanyoosha mkono apokee pesa.

"Njoo kesho," mjomba akamwambia.

Mchuuzi alikasirika. Nami nilishangaa, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwa macho yangu wembe umenyoa. Asubuhi yake mjomba aliniita karibu akanionyesha kidevu chake. Upande ulionyolewa na wembe mpya ulikuwa umejaa vipele vyekundu na ulikuwa unawasha. Upande wa wembe wake wa zamani ulikuwa laini. Akanieleza kwamba nywele zetu zimejisokota. Wembe usiokata sawasawa huuvuta unywele kwanza, ndipo unaukata. Ncha inayobaki inarudi ndani ya ngozi, inapinda na kuchoma kutoka chini. Mteja akiondoka kwenye kiti anapapasa shavu, anafurahi, analipa. Maumivu yanakuja akiwa kwake.

"Wembe hupimwa kesho yake," akasema. Mchuuzi alipokuja akarudishiwa wembe wake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1938 ya kulilinda jina la Solingen, ili lisichapwe kwenye visu na nyembe zisizotoka huko wala kufikia ubora wake. Huko Sheffield, Uingereza, watengenezaji wa visu walikuwa na chama chao chenye nguvu ya sheria tangu mwaka 1624, kikisimamia kazi na alama za mafundi. Nilipoyasoma hayo nilimwelewa mjomba vizuri zaidi. Majina yale makubwa hayakutokana na kusifiwa. Yalijengwa na watu wengi waliorudi siku ya pili kusema wembe huu mzuri, huu mbaya, na mafundi waliokubali kukataliwa kazi zao.

Kisha ukaja wakati ambapo makali peke yake hayakutosha. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufundisha, na tulipewa kazi ya kuwaeleza wazazi kwamba wembe mmoja usitumike kwa watu wawili: kwa kinyozi, kwa jando, wala kwa mganga. Nilikwenda kumwona mjomba nikiwa na wasiwasi namna ya kumwambia. Nilimkuta ameshaufunga wembe wake wa Solingen kwa kitambaa chenye mafuta na kuuweka sandukuni. Sasa alikuwa akitumia kishikio kinachotiwa kipande cha wembe mpya kwa kila mteja, na kipande kile kilitupwa mteja akiondoka.

Nilimuuliza kama hakusikitika. Alisema wembe haukuwa na kosa lolote, ila dunia ilikuwa imeuliza swali jipya nao hauna jibu lake. Nimefundisha miaka mingi, nami sijapata kueleza jambo hilo kwa maneno mazuri kuliko hayo. Kitu huwa bora kwa kazi fulani, kwa mtu fulani, kwa wakati fulani. Anayekipima bila kuuliza ni cha kazi gani na cha nani, hajapima.

Kwa hiyo nilipoketi na wembe wa kijana wa Sigor, nilikuwa na watu watatu mezani: kugo, mama na kisu kilichojikunja, na mjomba.

Nilianza kwa kuusafisha kwa spiriti na kuamua kwamba utagusa uso wangu tu. Niliulaza juu ya kioo. Ulikuwa umenyooka vizuri. Niliujaribu kwa unywele, haukukata. Nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mara arobaini, nikajaribu tena, ukakata mara moja kati ya tatu. Nikalainisha ndevu kwa kitambaa cha maji moto, nikapaka povu, nikavuta ngozi ya shavu kwa mkono wa kushoto, nikaanza.

Ulikwaruza. Nilikuwa karibu kuuweka chini na kuandika kwamba haufai, ndipo nilipojitazama kwenye kioo nikaona nimeinua mgongo wa wembe mno. Wembe wa namna hii unatakiwa kulala karibu na ngozi, pembe ya nyuzi thelathini hivi, na kufuata nywele zinakoelekea. Mkono wangu ulikuwa umesahau. Nikaulaza, na shavu la kushoto likanyoleka vyema. Nilishtuka kuona jinsi nilivyokaribia kumhukumu kijana kwa kosa langu. Nadhani bidhaa nyingi za mafundi wetu zimekataliwa hivyo, na watu ambao hawakujua kuzitumia.

Lakini nilipofika shavu la kulia wembe ulianza kuvuta kweli, na shingoni ukachoma. Hapo mkono wangu ulikuwa umeshajirekebisha. Nikaupeleka dirishani, nikayaelekeza makali kwenye mwanga. Makali mazuri hayaonekani, yanameza mwanga. Haya yalionyesha uzi mweupe unaong'aa kuanzia katikati hadi nchani. Yalikuwa yamelala baada ya nusu ya uso. Asubuhi yake nilikuwa na vipele upande wa kulia tu.

Niliandika yote hayo kwenye karatasi ya daftari: tarehe, upande gani, nini kilitokea, na asubuhi yake nini. Nikampelekea.

Aliisoma akiwa amesimama. Nikamuuliza aliupashaje. Akaniambia aliilainisha tupa kwanza kwa kuiacha ipoe ndani ya majivu, akaifua na kuipa umbo, akaipasha tena mpaka sumaku ikaacha kuinasa, akaizamisha majini. Baada ya hapo aliirudisha kwenye joto ili isivunjike kama kioo, mpaka ikawa ya bluu.

Tatizo lilikuwa pale. Chuma kilichosafishwa kikipashwa taratibu hubadili rangi: kwanza njano hafifu kama majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha bluu. Bluu ni joto linalokaribia nyuzi mia tatu, nalo linafaa springi inayotakiwa kupinda na kurudi. Wembe unataka uishie kwenye njano, kwenye nyuzi mia mbili na kidogo. Alikuwa amefanya kama alivyozoea kufanya na vyuma vingine, na ugumu wote aliokuwa ameutia akawa ameutoa.

Wiki tatu baadaye alileta wembe wa pili. Safari hii aliuzamisha kwenye mafuta badala ya maji, na kuurudisha kwenye joto ndani ya tanuri la mama mmoja anayeoka mikate sokoni, akiuchungulia mpaka ukageuka njano. Huo ulinyoa uso wote bila kulala. Lakini baada ya siku ya nne makali yalianza kumeguka vipande vidogo ambavyo niliviona kwa lenzi ya shule. Nikapima: upana wa bapa ulikuwa milimita ishirini, mgongo milimita tatu tu. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelala kwenye kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Kwa upana ule mgongo ulihitaji milimita tano hadi sita. Alikuwa ameupunguza ili upendeze.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu. Nikamkumbuka yule mtoto wa darasa la nane akisugua bati kwa msasa. Nikamsimulia habari ya kisu changu, yote, na alama nilizopewa. Akasema, "Kumbe hata wewe, Mwalimu." Kisha akarudi kwenye fuawe.

Wembe wa tatu alinipa bila kusema neno. Si mzuri wa kutazama kama wa kwanza. Mgongo wake ni mnene, na karibu na mpini kuna alama ya nyundo ambayo hakuifuta. Nilijinyoa nao asubuhi kumi na mbili kabla ya kuandika chochote. Haukuvuta, haukulala, haukumeguka, na asubuhi zote kumi na mbili shingo yangu ilikuwa laini. Nilimlipa bei aliyoitaja, bila kupunguza hata shilingi. Nikamwambia pia jambo la mjomba: auze kila wembe kwa mtu mmoja wa kujinyoa mwenyewe, wala asimpe kinyozi wa kunyoa watu wengi. Alilikubali.

Nchi yetu ina Shirika la Viwango tangu mwaka 1974, na kazi yake ni kubwa. Lakini maabara ya kwanza ya mhunzi wa Sigor si ya Nairobi. Ni shavu la jirani yake. Wembe wa kwanza, wa pili na wa tatu zisingefuatana kama jirani angesema tu "vizuri sana, kijana," au kama angecheka na kwenda zake. Yule mzee aliyeusifu wembe juani na yule mwanamume aliyeucheka walidhani wametofautiana. Kwa kijana walikuwa sawa: wote wawili hawakumpa kitu cha kufanyia kazi.

Nawaomba wasomaji jambo moja. Kijana wa soko lenu akikuwekea mkononi kitu alichokitengeneza, jembe, jiko, kiti au wembe, usimsifu papo hapo wala usimbeze. Nenda nacho nyumbani ukitumie kwa kazi yake. Chunguza kwanza kama kosa ni lako. Andika ulichokiona, hata kama ni mistari minne. Kesho yake mrudie umwambie yote, na kikifaa, mlipe bei yake kamili.

Wembe wa tatu uko nami. Nimejinyoa nao leo asubuhi, na kesho nitautumia tena.